Mwalimu Nyerere na Utafutaji wa Kitabu cha Kujifunzia

Mwanachuo apelekwapo kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za Musoma, Bunda au Butiama, hukutana na jambo ambalo pengine hakulitazamia alipokuwa chuoni. Huambiwa afundishe au asaidie kufundisha somo ambalo yeye mwenyewe halijui vema, na vitabu vyake ama hakuna kabisa, ama vipo kwa lugha na mifano ya nchi nyingine. Zamani jambo hili lilitokea hasa katika hisabati mpya. Siku hizi latokea katika kompyuta, na zaidi katika ule mtindo wa kuandika programu ambao kila jambo ndani yake hutazamwa kama kitu chenye sifa zake na kazi zake. Mwanachuo huuliza: nianze na kitabu gani?

Tungeweza kumpa orodha ya vitabu. Lakini orodha huchakaa upesi, na tena mtu aweza kuwa na vitabu kumi bora juu ya meza asijifunze neno. Tumeona afadhali kueleza maisha ya mtu mmoja wa mkoa huu, ambaye alianza bila kitabu chochote nyumbani kwao, akafa akiwa ameacha maelfu ya vitabu. Mambo ya siasa yake yameelezwa na wengi. Sisi tutamtazama kama msomaji na kama mwalimu, kwa kuwa jina la Mwalimu alilichukua kutoka darasani kabla ya kupewa jina jingine lolote.

Kambarage alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili, 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki na mkewe wa tano, Mgaya wa Nyang'ombe. Mtemi alikuwa na wake 22. Katika nyumba hiyo palikuwa na mifugo, mashamba, mashauri ya wazee na mchezo wa bao, ambao Kambarage aliupenda tangu utoto hadi uzee wake. Maandishi hayakuwapo. Lugha ya nyumbani ilikuwa Kizanaki, na Kizanaki wakati ule hakikuwa na kitabu cha kumsomesha mtoto.

Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, alipelekwa shule ya Mwisenge mjini Musoma, umbali wa kilometa zipatazo 40 kutoka nyumbani. Ilikuwa shule ya bweni. Kwa umri wetu wa leo tungesema alichelewa sana, na ni kweli alichelewa. Hapo ndipo alipoanza kusoma na kuandika, na hapo ndipo Kiswahili kilipomjia kama lugha ya masomo. Yafaa mwanachuo aliangalie jambo hili kwa makini: mtoto huyu alijifunza vitu viwili kwa pamoja, yaani herufi na lugha yenyewe, kama watoto wengi wa Mara wanavyofanya hata leo wanapoingia darasa la kwanza wakitoka katika nyumba zinazozungumza Kizanaki, Kijita, Kikurya au Kiikizu. Hata hivyo alifaulu vizuri, na mwaka 1937 akaingia Shule ya Serikali ya Tabora, ambako alikuta Kiingereza, maktaba na midahalo. Baba yake alifariki mwaka 1942. Mwaka uliofuata Kambarage alikwenda Makerere, Uganda, kusomea ualimu, na mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1943 alibatizwa Nyegina, karibu na Musoma, akaitwa Julius.

Twafika sasa kwenye jambo ambalo, kwa maoni yetu, lina faida kwa mwanachuo kuliko mengine yote katika ujana wake. Makerere alisoma maandishi ya John Stuart Mill, mwanafalsafa wa Uingereza. Mmojawapo wa vitabu vya Mill, kilichotolewa mwaka 1869, chazungumzia jinsi wanawake walivyowekwa chini ya wanaume kwa sheria na kwa desturi. Mifano yake mingi ni ya Uingereza: sheria ya ndoa ya huko, mali ya mke wa huko, malezi ya binti wa huko. Kijana wa kawaida angeyakariri maneno ya Mill, akayarudisha kwenye karatasi ya mtihani, na hadithi ingekuwa imekwisha. Nyerere aliandika insha ambayo ndani yake aliichukua hoja ya Mill na kuiweka katika nchi ya Wazanaki. Aliuliza hoja ile yasema nini juu ya mwanamke aliyemfahamu yeye, alimaye na kutwanga na kuchota maji huku wengine wakiamua mambo yake. Tukumbuke kuwa mwandishi wa insha hiyo alizaliwa na mke wa tano kati ya wake 22. Hakuhitaji kwenda London kutafuta mfano.

Hii ndiyo njia tunayotaka mwanachuo aifahamu. Kitabu cha Mill hakikuwa rahisi, wala hakikuandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa Makerere. Kilichokifanya kiwe kitabu cha kujifunzia ni kazi aliyoifanya msomaji mwenyewe: kuondoa mfano wa mwandishi na kuweka mahali pake mfano wa nyumbani, kisha kutazama kama hoja bado yasimama. Ikisimama, umeielewa. Ikianguka, ama hukuielewa, ama mwandishi alikosea. Na kujua lipi kati ya hayo mawili ni elimu pia.

Tuchukue sasa lile somo la programu tulilolitaja. Mtindo wa kujenga programu kwa vitu ulianza Norway katika miaka ya 1960, ambako Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walibuni lugha ya Simula, wakitaka kuigiza ndani ya kompyuta mambo kama foleni za watu na mizigo. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa kampuni ya Xerox huko California, akiwemo Alan Kay na Adele Goldberg, waliuendeleza kwa lugha ya Smalltalk, tena wakaujaribu kwa watoto wa shule. Somo lao la awali lilikuwa sanduku tu lililochorwa kwenye kioo, likapewa jina la Joe, nalo likaambiwa ligeuke au likue. Mtoto alipokwisha kulielewa sanduku moja, aliumba la pili, akaona kwamba masanduku mawili yaweza kuwa ya aina moja na bado kila moja likawa na hali yake.

Vitabu vingi vya somo hili hutoa mfano wa akaunti ya benki. Kwa mwanachuo ambaye hajapata kufuatilia akaunti, mfano huo ni fumbo juu ya fumbo. Lakini kila mwanachuo analijua daftari la mahudhurio. Kichwa cha ukurasa kinasema mwanafunzi ni nani kwa mujibu wa daftari: ana jina, ana namba, ana idadi ya siku alizohudhuria, naye aweza kuhudhuria, kukosa au kuhama. Hayo ni maelezo ya aina. Kila mstari ulio chini yake ni mtoto mmoja, mwenye jina lake na hesabu yake, na kumwekea huyu alama hakumgusi yule wa mstari wa pili. Mwanachuo akiweza kuliandika daftari hilo kuwa programu fupi, kitabu cha benki kitasomeka. Na kuhusu kile kitabu mashuhuri cha mwaka 1994, cha Gamma na wenzake watatu, kinachokusanya mifumo ya kujengea programu za namna hii, twasema wazi: ni kitabu chema, lakini si cha kuanzia. Heshima ya kitabu haiwi sababu ya kukitanguliza. Wanachuo wengi huvunjika moyo kwa kosa hili moja, kisha wakasema hawana akili ya somo.

Turudi kwa Nyerere. Alipotoka Makerere mwaka 1945 hakurudi Musoma, bali alikwenda Tabora kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria. Alifundisha biolojia na Kiingereza. Nje ya saa za kazi aliwafundisha Kiingereza watu wazima wa mjini, bila malipo. Kazi hiyo ya pili haitajwi sana, nasi twaona ni hasara, kwa maana mtu mzima asiyelipa wala kulazimishwa huondoka mara moja akichoshwa; hakuna mkaguzi mkali kama yeye.

Mwaka 1949 alipata nafasi ya kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, akakaa huko hadi 1952. Aliacha sayansi, akachagua masomo ya sanaa: historia, uchumi, falsafa, elimu ya jamii za watu na kadhalika. Masomo hayo yalimwachia nafasi ya kusoma mengi kuliko yale yaliyotakiwa na mtihani. Aliporudi alimwoa Maria Gabriel, ambaye naye alikuwa mwalimu, mjini Musoma mwezi Januari 1953, akajenga nyumba Butiama kwa mikono yake, kisha akaenda kufundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam. Chama cha TANU kilipozaliwa tarehe 7 Julai, 1954, yeye akiwa rais wake, ilionekana wazi kuwa hawezi kushika chaki na chama kwa pamoja. Mwezi Machi 1955 aliacha kazi ya ualimu.

Yaliyofuata mara baada ya hapo hayajulikani na wengi. Alirudi Mara bila mshahara, na kwa muda wa miezi kadhaa alifanya kazi ya kuwafundisha Kizanaki mapadre wa shirika la Maryknoll, na kuwasaidia kutafsiri mafundisho ya dini katika lugha hiyo. Lugha ambayo yeye mwenyewe utotoni hakuwa na kitabu chake, sasa alikuwa akiitengenezea maandishi, sentensi kwa sentensi. Yeyote aliyepata kutafsiri anajua kuwa hakuna kusoma kwa makini kama huko. Msomaji wa kawaida aweza kuliruka neno asilolielewa. Mfasiri hawezi, kwa sababu neno hilo lamngoja pale pale mpaka alitolee hukumu.

Tabia hiyo ya kusoma kwa kutafsiri hakuiacha hata alipokuwa Rais. Mwaka 1963 tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar ilichapishwa na Oxford University Press. Wengi walistaajabu kuona mkuu wa nchi changa ana nafasi ya kufanya kazi kama hiyo. Lakini sisi tunastaajabia zaidi lililotokea baadaye: mwaka 1969 aliitoa tena kazi ile ile ikiwa imesahihishwa, na hata jina lake limebadilika kuwa Juliasi Kaizari. Katika miaka sita alikuwa ameirudia kazi iliyokwisha kuchapishwa na kusifiwa, akaona yaweza kuwa bora zaidi. Mwanachuo aliyeandika andalio la somo mwaka jana, likapata alama nzuri, hulitumia hivyo hivyo mwaka huu. Tunamwomba alinganishe matoleo hayo mawili, kama ataweza kuyapata, aone mtu anavyoweza kujisomesha kwa kazi yake mwenyewe. Waandishi wa programu nao wana desturi hiyo hiyo: huchukua programu inayofanya kazi, wakaipanga upya ili ieleweke vizuri zaidi, bila kubadili kazi yake.

Katika mwaka huo huo wa 1969 ulitoka mchezo wa pili, Mabepari wa Venisi. Katika Kiingereza jina la mchezo lamtaja mfanyabiashara mmoja tu. Nyerere aliandika mabepari, wingi, kwa neno ambalo Mtanzania wa wakati ule alilisikia kila siku tangu Azimio la Arusha la Februari 1967. Wako wanaosema kuwa hapo alipita mpaka wa mfasiri. Huenda. Lakini kwa somo letu la leo, neno hilo laonyesha jambo lile lile la insha ya Makerere: maandishi ya mbali yalipita kwanza katika maisha ya hapa kabla ya kupewa msomaji.

Hadi hapa tumemsifu. Yatupasa pia kuitazama elimu ya taifa zima aliloliongoza, kwa kuwa mkoa wetu ulikuwa katikati ya mambo hayo. Mwezi Machi 1967 alitoa maelezo yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1968, kwa msaada wa UNESCO, ulianza mpango wa kisomo chenye manufaa katika mikoa minne ya Ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo sasa ni Kagera. Vitabu vya mpango huo vilitungwa kwa kufuata kazi za watu. Mkulima wa pamba wa upande wa Bunda alijifunza herufi kupitia maneno ya pamba. Mvuvi kupitia nyavu na samaki. Mama wa nyumbani kupitia chakula na afya. Hapo twaona kwa wazi njia ile ya mfano wa nyumbani ikitumika kwa maelfu ya watu. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Ukerewe, kisiwa kilicho jirani na Bunda, kikawa kati ya sehemu sita zilizotakiwa kufuta ujinga wa kusoma na kuandika kabla ya nchi nzima. Idadi ya watu wazima wasiojua kusoma ilikadiriwa kuwa asilimia 67 hivi mwaka 1967. Baada ya mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ilihesabiwa kuwa asilimia 39. Watu waliokwisha kujua kusoma walihitaji cha kusoma, kwa hiyo zikaanzishwa maktaba za vijiji, na huko Mwanza likachapishwa gazeti la vijijini liitwalo Elimu Haina Mwisho.

Kisha lilikuja Azimio la Musoma. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini Musoma, ikaamua kuwa kila mtoto mwenye umri wa kwenda shule apate nafasi ifikapo Novemba 1977, badala ya kungoja hadi 1989 kama ilivyokuwa imepangwa. Shule zilijengwa na wananchi. Walimu walipatikana kwa kuwachukua vijana waliomaliza darasa la saba na kuwafunza kazini, katika vituo vya vijijini. Watoto waliingia darasani kwa wingi usiopata kuonekana, wakiwemo ambao pasipo azimio hilo wasingeona mlango wa shule kamwe.

Lakini vitabu havikuongezeka kwa kasi ya watoto. Katika shule nyingi mwalimu alibaki na nakala moja, akaandika ubaoni, watoto wakanakili. Kunakili huko kulidhaniwa kuwa ni kusoma. Hapa twasema bila kumvunjia heshima marehemu: njia iliyomlea yeye, ya mtu kukaa na kitabu kimoja hadi akigeuze kuwa chake, haikuwafikia watoto wengi wa azimio lililopewa jina la mji aliosomea. Haikuwezekana kwa mtoto asiye na kitabu. Wala haikuwezekana kwa mwalimu aliyekuwa mtoto wa darasa la saba mwaka uliotangulia, akatakiwa kueleza somo ambalo hakuna aliyemweleza yeye. Ukweli huu unamhusu mwanachuo wa leo moja kwa moja. Akienda na kitabu cha kompyuta cha lugha ngeni, akanakili ubaoni maana ya aina na ya kitu, na watoto wakaandika, atakuwa ameurudia mwaka 1977. Akienda na daftari la mahudhurio la darasa hilo hilo, watoto wakajiona wenyewe katika mistari, huenda asihitaji kitabu kwa wiki mbili za kwanza.

Nyerere aliacha urais mwezi Novemba 1985, akarudi Butiama. Huko alilima, alicheza bao, alipokea wageni, na alisoma. Kazi yake kubwa ya mwisho ya kalamu ilikuwa ya kutafsiri tena: alizigeuza Injili zote nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi za Kiswahili, nazo zilichapishwa Ndanda na Peramiho mwaka 1996, yeye akiwa na umri wa miaka 74. Kwa namna fulani alikuwa amerudia kazi ya mwaka 1955, ila safari hii kwa vina na mizani. Alifariki London tarehe 14 Oktoba, 1999, akazikwa Butiama.

Mwanachuo aliye Bunda au Musoma hana haja ya kuyasoma haya kwetu tu. Akifuata barabara kuu iendayo kati ya Mwanza na Musoma, ataiacha Makutano na kushika njia ya Butiama. Huko yapo makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1999, na juu ya mwinuko wa Mwitongo lipo kaburi lake na nyumba yenye vitabu vyake. Tunashauri ziara hiyo ifanywe kwa makundi madogo, kila kundi likiwa na daftari, na kabla ya safari kila mwanachuo awe amesoma walau maonyesho mawili ya Juliasi Kaizari na kuandika, kwa maneno ya nyumbani kwao, mambo yanayotendeka humo.